Uso Uliokwanguliwa

Haya yalimkuta kaka yangu, tumbo moja na mimi, na mwisho wake niliuona kwa macho yangu.

Yalianza Jumamosi ya kawaida kabisa. Shemeji alikuwa zamu hospitalini. Kaka, mwalimu wa fasihi, alikuwa akisafisha kabati la marehemu baba. Mimi nilijilaza kwenye kochi nikitafuta vina vya shairi. Binti wa kaka, tuliyempa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alikuwa akimvalisha mwanasesere soksi yangu.

"Baba mdogo, soksi yako inanuka mpaka mtoto wangu analia!"

Kaka akacheka. Kisha akatoa nyuma ya droo picha ya zamani iliyogeuka rangi ya chai.

Bibi yetu alikuwemo, bado msichana, amesimama na wadogo zake. Nyuma yao palikuwa na mwanamume mrefu asiye na uso. Mtu alikuwa amemkwangua. Si kwa hasira. Kwa subira, mkwaruzo juu ya mkwaruzo, hadi karatasi ikabaki nyeupe. Mkono wake tu ndio ulioachwa, umetua kwenye bega la bibi. Kidole cha mwisho kilipinda kwa ndani kama ndoano.

Kaka akautazama mkono wake mwenyewe. Kidole kilekile. Akachukua riwaya anayoifundisha kila mwaka, akaigeuza nyuma. Pale jaladani, yule mwandishi ambaye kila mtoto wa shule amemsoma ameegemeza kidevu mkononi. Kidole kimepinda.

"Mdogo wangu," akanong'ona, "sisi ni damu yake."

Tulikua tukiulizwa ninyi ni wa nani, nasi tukikosa la kujibu. Nilimwelewa.

Alimpigia simu shangazi, mkubwa pekee aliyebaki. Nilimsikia nikiwa pale kwenye kochi: "Hatuna mwandishi katika ukoo huu. Irudishe ulikoitoa." Akakata.

"Uzee huo," kaka akasema, akaipeleka picha studio. Fundi picha akauchukua uso wa jaladani, akaupandikiza palipokwanguliwa, akaichapa kubwa. Kaka akaitundika sebuleni. Kisha akambeba Chiriku mbele yake, akafanya lile ambalo mzazi yeyote mwenye adabu hulifanya.

"Babu, huyu ni mjukuu wako. Mwanangu, msalimie babu."

"Shikamoo, babu."

Chiriku akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza jibu.

Tangu hapo kelele zikaisha nyumbani. Chiriku alivuta kigoda, akakaa chini ya picha, akanong'ona nayo mchana kutwa. Kaka aliona raha. Mtoto amerithi kipaji, alisema. Mimi nilichuchumaa kando yake.

"Mnaongea nini, mama?"

"Ananiuliza maswali. Napenda gauni gani. Naogopa nini. Nikianguka, nalia vipi."

"Ukamwambia?"

"Nikamlilia kidogo. Akafurahi."

Nilitoka nje nikampigia shangazi mwenyewe. Alifika kesho yake kabla ya adhuhuri, na alipoiona picha aliketi sakafuni palepale, viatu miguuni.

"Nani amemrudishia macho?"

Akawanyooshea kidole wale watoto waliosimama na bibi. "Huyu alizama kisimani. Huyu, moto wa taa. Huyu aliangukiwa na ukuta. Wewe ni mwalimu. Sura hizo za riwaya umezifundisha mwenyewe."

Kaka akaisogelea picha. "Basi aliandika habari za msiba wa wadogo zake."

"Aliandika kwanza." Sauti ya shangazi ilikuwa ndogo. "Kwanza, mwanangu. Ndipo wakafa. Alikuwa akiwakalisha chini, akiwauliza maswali. Mama yangu, dada yake, akamkwangua kwa sindano, tukamkana, asimjue yeyote atakayezaliwa. Huyu huandika wa kwake tu."

Tukageuka kutazama kigoda. Kitupu.

Mlango wa nje ulikuwa wazi. Chiriku alisimama juu kabisa ya ngazi za saruji, amevaa gauni la njano, vidole vya miguu vimevuka ukingo. Jua kali. Redio ya jirani ikiimba.

"Njoo, mwanangu," kaka akasema taratibu.

"Bado, baba. Babu amefika kwenye ngazi. Anatafuta neno."

Kisha akatabasamu.

"Amelipata."

Kaka akamdaka kiunoni. Mtoto hakurudi nyuma. Kile kiwiliwili chepesi kilikuwa kizito kama gunia la saruji, kikivuta chini. Nikamshika kaka. Tukavutwa wote. Viatu vyangu viliteleza.

"Mkane mtoto," shangazi akanong'ona. "Ulimtambulisha kwa kinywa. Mkane kwa kinywa."

"Ananisikia, shangazi."

"Mkane!"

Kaka akaigeukia sebule.

"Huyu si mwanangu. Si damu yetu. Hatumjui."

Uzito ukakatika. Tukaanguka chali, mtoto juu yetu. Chiriku akainuka, akajipangusa gauni, akamtazama baba yake.

"Shikamoo, mzee," akasema, kama anayemsalimia mgeni mlangoni.

Hajamwita baba tena. Naye kaka hathubutu kumsahihisha. Shangazi alimwonya kwamba neno moja tu linatosha kumrudisha mtoto kwenye damu ile. Humpikia, humchana nywele, huitikia "marahaba", kisha huingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Picha tuliichoma siku ileile. Jioni, shemeji aliporudi kutoka kazini, aliuliza nani amemwaga wino ngazini. Tukatoka kutazama. Alama za miguu ya mtoto, nyeusi, bado mbichi, zilishuka kutoka juu hadi katikati. Hapo zilikoma, mguu mmoja mbele. Nyayo za Chiriku zilikuwa safi.

Tulisugua. Fundi rangi akapaka mara mbili. Zikatokea juu ya rangi.

Miaka imepita. Juzi Chiriku alinunuliwa viatu vipya, maana vya zamani vilimbana. Kaka akachukua kimoja, akashuka nacho kimya kimya, akakiweka juu ya alama ya mwisho, ile iliyokuwa ya mguu wa mtoto mdogo.

Kikalingana nayo sawasawa.