Mguu Ni Wako, Leokadia

Leokadia Bielak hakuwa na soksi fupi. Hakuwa na gauni la kuishia magotini. Hakuwa na viatu vya dukani, maana mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole viwili. Hakuwa na picha yake hata moja ya kuanzia miaka kumi na tisa hadi ishirini na mbili. Hakuwa na daktari, wala hakumtaka.

Vingine alikuwa navyo. Alikuwa na mume, Zenon, dereva wa treni ya mizigo. Alikuwa na binti wa miaka minane, Jadzia. Alikuwa na mama yake mzazi, Bibi Salomea, aliyekaa nao katika vyumba viwili hapa mtaani kwetu Lublin. Alikuwa na cherehani, aliyoiendesha kwa mguu wa kulia peke yake. Na alikuwa na fundi wake wa viatu, yaani mimi, Walenty.

Mwezi wa Machi mwaka 1958 aliniletea viatu nivitazame. Nilivigeuza juu chini.

"Mama Jadzia," nikasema, "siku hizi mguu wa kushoto unakanyagia vidole."

"Nani kakwambia?"

"Kisigino chako. Kimebaki kipya."

"Basi shukuru, nimekupunguzia kazi."

"Na ndani ya kiatu kuna doa la majimaji."

Hapo hakutania tena. Alichukua viatu vyake, akaviweka kwenye kikapu, akatoka. Nilimwona dirishani akivuka barabara. Alikuwa anashika kuta.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwao. Nilimkuta Bibi Salomea jikoni akiponda majani ya kabichi kwa mti wa kusukumia unga.

"Hiyo ni ya supu?" nikauliza.

"Ya mguu. Kabichi inavuta uchafu. Baba yangu alimtibu farasi hivihivi."

"Farasi alipona?"

"Alisimama."

"Kisha?"

"Kisha tukamuuza haraka," akasema Bibi Salomea.

Leokadia alicheka. Lakini alipoinua mguu na mama yake akafungua kitambaa, hakuna aliyecheka. Juu ya kifundo kulikuwa na kovu refu, limezama kama mfereji. Katikati yake palikuwa na tundu dogo, na tundu lilikuwa linatoa usaha. Kwa muda wa miezi mitano lilikuwa linatoa usaha.

Watu wazima wa Lublin wanajua kovu lile ni la nini. Lakini watoto wetu hawajui, kwa hiyo nitalisema.

Wakati wa vita Wajerumani waliitawala nchi yetu. Leokadia alikuwa msichana. Alikuwa akibeba magazeti ya siri chini ya viazi. Walimkamata. Mwaka 1941 walimpeleka pamoja na wanawake wengine wa Lublin kwenye kambi ya wafungwa ya Ravensbrück, kwao Wajerumani. Mwaka uliofuata madaktari wa kambi walianza kuwaita wasichana waliokuwa na afya njema. Waliwapasua miguu. Ndani ya vidonda walitia vijidudu, vibanzi vya mti na chembe za vioo, ili vifanane na vidonda vya askari, wapate kujaribu dawa. Wengine waliwavunja mifupa. Hakuna msichana aliyekuwa mgonjwa. Hakuna aliyeulizwa. Baadhi walikufa. Waliobaki walijiita sungura, kwa sababu sungura ndiye mnyama wa kufungiwa kwenye kizimba na kufanyiwa majaribio.

Barua za kambini ziliandikwa kwa Kijerumani, na mfungwa hakuruhusiwa kuifunga bahasha. Ilikwenda wazi kwa walinzi, wakaisoma. Lakini wasichana walipata njia. Kati ya mistari ya wino waliandika mistari mingine kwa mkojo wao wenyewe. Ukikauka hauonekani. Ukipitisha pasi ya moto, maneno yanatokea, rangi ya kahawia. Hivyo ndivyo Bibi Salomea alivyojua mwanawe amefanywa nini. Alisoma akiwa ameshika pasi mkononi.

"Mpaka leo," aliniambia siku ile, "kila barua inayofika hapa naipiga pasi. Hata kadi ya Krismasi ya shemeji yangu."

"Ukapata nini?"

"Ikaungua."

Nilimgeukia Leokadia. "Mama Jadzia, huu mguu unahitaji hospitali."

"Nilikwenda," akasema. "Mwezi wa Oktoba. Daktari alikuwa na wanafunzi wanne nyuma yake. Aliniambia, vua soksi, panda kitandani, bila hata kuvuta pumzi. Akawaambia wanafunzi, sogeeni muone. Mzee Walenty, sikumbuki nilivyotoka. Nilifika nyumbani na kiatu kimoja."

Mimi najua ngozi na gundi. Habari ya vidonda siijui, na mtu asiyejua jambo aende kwa anayejua. Kesho yake nilikwenda kwa sista Felicja, muuguzi wa mtaa wetu, mwanamke mfupi mwenye baiskeli ya kiume.

Sista alifika siku ya Jumanne. Alikaa, akanywa chai, akamsifu Leokadia kwa mshono wa mapazia. Mguu hakuutaja. Mwisho Leokadia mwenyewe ndiye aliyechoka.

"Si umekuja kuangalia mguu, sista?"

"Nimekuja kukusalimu. Mguu ni wako. Ukitaka kunionyesha nitauona. Usipotaka, chai yako ni nzuri."

Leokadia akasema habari ya Oktoba.

"Daktari yule alikosea," akasema sista.

"Daktari anakoseaje?" akauliza Bibi Salomea. "Kasoma miaka sita."

"Ndiyo taabu yetu hiyo, bibi. Sisi hapa tukienda kwa daktari tunabeba mayai, na maswali tunayaacha nyumbani. Tunavua kofia na ulimi pamoja. Afadhali mayai yabaki na maswali yaende."

Kisha akaeleza polepole. Vita vilipokwisha, baadhi ya madaktari wa kambi walishtakiwa katika mji wa Nuremberg. Wanawake wa Ravensbrück walisimama mbele ya majaji wakaonyesha miguu yao. Majaji waliandika kanuni kumi. Ya kwanza inasema hivi: hakuna mtu wa kufanyiwa jaribio ila amekubali mwenyewe, ameelezwa, na hakulazimishwa. Na akiona hawezi kuendelea, anaweza kusimamisha.

"Hiyo ni kanuni ya majaribio," akasema sista. "Lakini hata kwenye matibabu, sheria ya nchi yetu inamtaka daktari apate ruhusa yako kabla hajakupasua. Tofauti ya yule wa kambini na wa hospitali haiko kwenye kisu. Visu vinafanana. Wa hospitali anataka upone, na anakuuliza kwanza."

"Sisi tuliandika," akasema Leokadia kwa sauti ndogo. "Kambini. Tulimwandikia mkuu wa kambi kwamba hatukubali. Tulichechemea mpaka mlangoni kwake, wengine tumewabeba. Baadaye walichukua watano, wakawapasua kwa nguvu."

Sista Felicja aliweka kikombe chini.

"Basi ninyi mliijua kanuni ile kabla majaji hawajaiandika."

Leokadia aliinama. Halafu akavua soksi mwenyewe.

Sista alinawa mikono. Alisema kila kitu kabla ya kukifanya: sasa natoa kabichi, sasa nasafisha ukingo, hapa patauma. Alipofika katikati, Leokadia akasema, "Simama."

Sista akainua mikono yote miwili, akaiacha hewani. Hakuuliza kitu. Chai ikapoa. Bibi Salomea akaanza kuhesabu rozari.

"Endelea," akasema Leokadia.

"Uliumia?"

"Hapana. Nilitaka kuona kama utaacha."

"Mikono imeanza kufa ganzi," akasema sista, "lakini uliza tena ukitaka."

Wiki ile Leokadia aliandika maswali kwenye daftari la Jadzia. Alhamisi alikwenda hospitali na Zenon, sista akiwa mbele yao. Daktari alikuwa yuleyule wa Oktoba, jina lake Rymsza. Sista alikuwa ameshazungumza naye, na mazungumzo yale, nasikia, hayakuwa marefu wala matamu. Hapakuwa na wanafunzi. Daktari alivuta kigoda, akakaa chini kuliko Leokadia.

"Mama," akasema, "siku ile sikukuuliza. Nisamehe. Leo uliza wewe."

Leokadia akafungua daftari. "Kuna nini ndani?"

"Kipande cha mfupa kilichokufa. Mwili unakisukuma nje, hauwezi peke yake. Nataka kufungua kovu, nikitoe, nisafishe."

"Nikikataa?"

"Una haki ya kukataa. Sista ataendelea kukufunga kidonda, na mlango huu hatuufungi. Lakini sitakudanganya. Usaha ukipanda, siku moja tutazungumza habari ya kuukata mguu."

Zenon alikuwa anazungusha kofia yake. Alitaka kusema neno, akajizuia. Mguu haukuwa wake.

"Sitaki dawa ya usingizi," akasema Leokadia. "Kule nilizibwa macho kwa usingizi. Niliamka mguu uko ndani ya plasta, na juu ya plasta wameandika herufi."

"Basi tutakuchoma sindano ya mgongo. Utakuwa macho, hutasikia maumivu."

"Nikisema simama?"

"Nitasimama."

"Ukiwa umeshakata?"

Daktari alifikiri. "Nitasimama, nikwambie nimefika wapi, tuamue pamoja. Lakini siwezi kukuacha wazi. Nitalazimika kukushona."

Leokadia aliniambia baadaye kwamba jibu lile ndilo lililomtuliza, kwa sababu halikuwa tamu. Akaomba kalamu, akasoma karatasi ya ruhusa kuanzia juu hadi chini, akarudia, kisha akaweka sahihi.

Upasuaji ulifanyika baada ya siku sita. Zenon alikaa nje ya mlango na kofia yake. Ndani, Leokadia alisema "simama" mara moja. Daktari akasimama. Akamwambia, "Nimekifikia kipande. Bado kukitoa na kusafisha. Unataka nini?" Leokadia akavuta pumzi, akasema, "Kitoe."

Alikuwa ameomba aonyeshwe. Wakamwonyesha. Kilikuwa kipande cha kijivu, kama ukucha wa kidole gumba.

"Ndicho hiki tu?" akauliza.

"Ndicho hicho," akasema daktari.

"Miaka kumi na sita," akasema Leokadia, na hapo ndipo alipolia. Sista Felicja alimfuta uso kwa kitambaa, baada ya kumuuliza kama amfute.

Mwezi wa Juni tundu lilikuwa limefunga. Mguu ulibaki mfupi, na kovu lilibaki. Mambo mengine hayarudi. Lakini aliniletea viatu, na kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika sawasawa na cha kulia. Katika miaka yangu yote ya ufundi sijawahi kufurahia kisigino kilichokwisha kama kile. Na siku ile miguuni alikuwa amevaa soksi fupi, nyeupe, ambazo Jadzia alimchagulia. Watu barabarani walitazama. Naye aliwaacha watazame.

"Mzee Walenty," akasema, "una wino? Wa nyumbani Jadzia kaumaliza."

Akaketi kwenye meza yangu, kati ya nyundo na misumari, akaandika barua. Ilikwenda kwa Apolonia, aliyekuwa naye kitanda kimoja kambini. Apolonia alikuwa anaishi kijijini karibu na Chełm, na mguu wake pia ulikuwa unatoa usaha, naye pia alikuwa anaufunga kwa kabichi na kuuficha. Leokadia alinisomea.

"Mpenzi Pola. Njoo Lublin. Utalala kwetu. Kuna sista hapa anayeuliza kabla hajagusa, na kuna daktari aliyejifunza kuuliza. Nitakaa nje ya mlango mpaka umalize. Andika maswali yako yote, mayai usilete. Ukisema simama, watasimama. Nimewajaribu. Na Pola, barua hii usiipige pasi. Kati ya mistari hakuna kitu. Yote nimeyaandika kwa wino."

Akakunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha. Nilimsogezea kopo langu la gundi, akalikataa. Akalamba ukingo wa bahasha kwa ulimi wake mwenyewe, akaufunga, akaukandamiza kwa kiganja na kuhesabu hadi kumi. Kisha akavuka barabara bila kushika ukuta, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta.