Kasha la Shemeji

Tishu ilitoka imelowa, ilhali kasha lenyewe lilikuwa halijagusa maji.

Fundi aliiminya, ikachuruzika. Aliionja kwa ncha ya ulimi: chumvi. Na pipa lake alilijaza maji ya bomba.

Watu walimwita Hata Tone, kwa kuwa ndiyo ahadi aliyompa kila mteja: kasha langu haliingizi hata tone. Alitengeneza makasha ya taa za wazamiaji. Unatoboa kifuniko kwa keekee, biti ndogo kwanza kisha kubwa, unapachika kiungio cha waya na mpira wake wa duara, unakaza. Kabla ya kutia kitu chochote cha umeme, unaweka tishu kavu ndani na kulizamisha kasha pipani kutwa nzima. Tishu ikitoka kavu, unakabidhi.

Ni kasha moja tu ambalo hakulizamisha, la shemeji yake, kaka wa mkewe. Biti iliteleza, tundu likapanuka upande mmoja, naye kwa uvivu wake akaziba kwa gundi, akang'arisha, mambo yakaisha. Taa ikazimika shemeji akiwa ndani ya meli iliyozama, asiuone mlango wa kutokea. Msibani fundi alimwapia mkewe, macho makavu: "Kasha lilikuwa zima. Nililizamisha kutwa."

Tishu ile ya kwanza ililowa baada ya mazishi; siku ya pili pakiti nzima ya tishu ililowa ikiwa karakanani, haijafunguliwa. Siku ya tatu alitoboa kifuniko kipya, na maji ya baridi yakachirizika kutoka tunduni, karakana ikanuka kutu na mwani. Halafu, mchana kweupe, mlango wazi na watu wakipita barabarani, makasha yote yaliyofungwa kwenye rafu yakaanza kupumua, pumzi ya mzamiaji, kuvuta kurefu na kutoa kwa mapovu, kisha fupi, kisha fupi zaidi, mpaka fundi akajikuta amejishika koo anahema pamoja nayo.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Unasikia?" alinong'ona.

"Nasikia nini?"

"Kaka yangu."

Kesho yake mke alimleta mganga, mama mnene asiye na maneno mengi. Aliketi kwenye kigoda, akanusa hewa.

"Huyu si marehemu. Ni jini wa kule chini. Marehemu alimfia mikononi gizani, akamwonea uchungu. Amekuja kumlipizia."

"Kwa nani?" mke aliuliza.

"Anamjua mwenyewe. Hafukuziki huyu, hufungiwa. Nipeni chombo kisichovuja, na wewe fundi ukifunge kwa mkono wako. Kikivuja, atamwingia aliyekifunga."

Fundi alinyoosha mkono kwenye rafu. Mkewe akamwahi. Alitoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akakiweka mezani taratibu. Lilikuwa lile kasha la shemeji, lililopandishwa pamoja na mwili.

"Tumia hili, mume wangu. Si uliapa ni zima?"

Neno moja tu lingemwokoa. Lakini neno hilo lingemwondolea mke, jina na kila alichokuwa nacho, na alimwogopa mkewe kuliko jini. "Ni zima," alisema.

Mganga alinong'ona juu ya kasha mpaka rafu zikanyamaza zote kwa pamoja. "Funga." Fundi akafunga, akakaza kila skrubu. Mganga alichukua mkoba wake, akaenda zake.

"Lizamishe," mke alisema. "Kama ulivyolizamisha mara ya kwanza."

Alilizamisha. Na pale majini ndipo alipoiona gundi kuzunguka kiungio: ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, alama mpya kabisa, hadi tundu lilipoonekana. Alimtazama mkewe. Mkewe hakukwepa macho yake.

Povu moja likapanda. Likapanda la pili, kisha mfululizo, kisha yakakoma.

"Linavuja?" mke aliuliza kwa upole.

"Haliingizi hata..." Maji yalimtoka kinywani, ya chumvi, yakamwagika kifuani, na zaidi yakawa yanakuja.

Mke alivuta kigoda cha mganga, akaketi. Pumzi ya mzamiaji ilisikika tena karakanani, ndefu na tulivu safari hii, ikitoka kifuani mwa fundi. Mkewe aliisikiliza mpaka ikaanza kuwa fupi.