Drili Iliyokuwa Ikipona Yenyewe

"Mbona umesimama kama mlingoti?" Mama Pacha aliuliza, akitoka bafuni na taulo begani.

"Drili imekufa tena," Baba Pacha akajibu.

Hapo hakudanganya. Drili, mashine yake ya kutobolea mbao, ilikuwa imekufa kweli. Lakini kilichomgandisha ni simu ya mkewe pale mezani. Ujumbe ulikuwa umejitokeza wenyewe kwenye kioo, kutoka kwa mtu aliyehifadhiwa kwa jina la Yule wa Kona:

"Mama, mzigo umefika. Njoo mwenyewe kama kawaida. Mzee asijue."

Kama kawaida! Kumbe kuna kawaida! Miaka kumi na tisa ya ndoa, mapacha wako shule ya bweni, na leo yeye ndiye mzee asijue!

"Nikuangalizie hiyo drili?" mkewe akauliza.

"Uangalie nini? Ile si cherehani. Iache ipumzike, kesho itaamka."

Na kweli huwa inaamka. Ni mara ya nne sasa. Drili ikizima, Baba Pacha huchomoa plagi, huichomeka, huigonga ubavuni mara mbili, hununa, kisha hulala. Asubuhi inanguruma. Mtaa mzima ameutangazia kwamba mashine zinamjua, zina heshima naye. Mkewe, fundi cherehani, humwambia tu "hongera, fundi," huku akiendelea kutunga uzi.

"Naenda kununua mbao," akasema. "Nitachelewa."

"Haya, mume wangu. Wala usikimbilie kurudi."

Usikimbilie kurudi! Lo!

Alifika mwisho wa barabara, akageuka, akaingia kwa mlango wa nyuma mpaka kwenye banda lake la useremala. Akajibanza nyuma ya plaiwudi zilizoegemezwa ukutani. Kutoka pale, kupitia dirisha, aliweza kuona kila atakayeingia nyumbani. Vumbi la mbao likamwingia puani. Akabana chafya hadi machozi yakamtoka. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, amejificha kwenye banda lake mwenyewe!

Mara mkewe akatoka, na nusu saa baadaye akarudi, ngumi imefumba kitu. Hakuingia nyumbani. Akaja moja kwa moja bandani, akarudisha mlango. Nyuma ya plaiwudi, Baba Pacha akasikia kigoda kikikwaruza sakafu na kitu kikifunguliwa.

Hata banda langu, Baba Pacha akawaza. Wamekosa kote, wakachagua hapa!

"Haya mpenzi," mkewe akasema taratibu, "tumalize haraka kabla hajarudi."

Plaiwudi zikaanguka kwa kishindo.

"Yuko wapi?"

"Mama yangu! Nani?"

"Huyo mpenzi! Atoke!" Akainama chini ya meza ya kazi. Kulikuwa na kopo la gundi tu.

Alipoinuka ndipo akaona. Mkewe ameketi kwenye kigoda, bisibisi mkononi, drili imefunguliwa mapajani, nyaya na matumbo yote nje.

"Mpenzi ndiye huyu," Mama Pacha akasema. "Na Yule wa Kona ni muuza vipuri. Umesoma simu yangu, siyo?"

Baba Pacha akaanza kuokota plaiwudi.

"Mara ya kwanza waya ulikatika ndani, maana unaibeba kwa waya kama ndoo. Kisha swichi ikajaa vumbi, mara mbili. Leo kaboni zimelika; niliona mara ile zinakwisha, nikaziagiza mapema." Akafungua kiganja, akamwonyesha vijiwe viwili vyeusi. "Hata mota ya cherehani yangu inazo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia! Siku ya kwanza kabisa. Ukanicheka mbele ya dada yako, ukaniambia nirudi kwenye vitambaa. Niliumia, Baba Pacha. Lakini jioni ile hukula kwa ajili ya drili, nikakuonea huruma. Nikaona bora uringe kuliko unune. Leo malipo yangu ni kutafutiwa mwanaume chini ya meza."

Akaiweka drili mezani, ikiwa wazi vilevile.

"Naenda kwa dada yangu. Baki na mashine yako inayojitengeneza, ikupikie."

Baba Pacha akaruka akaziba mlango.

"Nisamehe, mke wangu. Nimekosa. Nifanye nini?"

"Usinieleze mimi. Waeleze waliosikia majigambo yako."

Baba Pacha akatoka uani. Akapanda juu ya ndoo, akachungulia juu ya ukuta kwa jirani aliyekuwa akianika nguo.

"Jirani! Jirani!"

"Abee! Kuna moto?"

"Hapana! Nataka ujue... ile drili... mimi sijui hata inavyofunguliwa! Anayeitengeneza ni mke wangu! Siku zote nilikuwa najisifu bure!"

Jirani akaacha kuanika.

"Mbona tunajua! Pasi yangu alitengeneza nani? Feni ya mwalimu je? Mtaa mzima tunamletea ukitoka. Tulikuwa tunakusubiri wewe tu ukiri!"

Mama Pacha alijaribu kubaki na hasira, kicheko kikamshinda. Akacheka, akacheka tena, mpaka akakaa chini kwenye vumbi la mbao. Baba Pacha akaja akakaa kando yake, uso umemshuka.

"Bado unaenda kwa dada?"

Mkewe akapangusa machozi, akachukua drili na kumtupia tochi.

"Mulika hapa nione. Siyo hapo. Hapa."

Kwa mara ya kwanza ndani ya banda lile, Baba Pacha hakubisha. Akamulika alipoambiwa.