Aliyefagia Uwanja Wangu

Jioni ile nilitoka nyumbani jua likiwa limebaki kidogo. Nilibeba mashati sita meupe ya bendi ya mdogo wangu Salvatory, nimeyapiga pasi ya mkaa na kuyakunja ndani ya khanga. Nilikuwa nayapeleka kwenye ghala la zamani la pamba, nyuma ya kinu, hapa Bariadi. Si mbali. Nilitaka niyakabidhi, nirudi nisonge ugali.

Nilikuwa na haraka kwa sababu ya Milembe, binti yangu. Ana miaka tisa. Kwa wiki tatu, kila jua lilipozama, usingizi ulimkamata ghafla, hata tonge likiwa mkononi. Alilala hivyo kama saa moja, kisha akaamka analia miguu. Nyayo zilikuwa zimepasuka kama za mtu aliyetembea kutoka Maswa. Katikati ya vidole nilikuta nyuzi za pamba, na kwangu hakuna pamba. Zahanati walimpima damu, wakampima mkojo, wakampa vidonge.

"Mama, nimechoka kurudi nyuma," aliniambia siku moja.

Nilidhani ni ndoto.

Nilimwacha kwa jirani yangu Evalina. Evalina ana mdomo.

"Nisalimie Salvatory," alisema. "Muulize kama ana mdogo wake anayejua kushika ufagio."

"Mfundishe mumeo."

"Wa kwangu? Huyo hata kijiko akikishika ni cha kulia!"

Alikuwa anatania habari iliyokuwa imeenea mtaa mzima. Mwezi mzima mdogo wangu Salvatory alikuwa akija kwangu alfajiri kunifagilia uwanja. Mwanaume wa Kisukuma, na mke wake yuko nyumbani. Anafagia, anakusanya taka kwenye mfuko, anaondoka nazo. Mama yetu alikufa Salvatory akiwa na miaka miwili, mimi kumi na miwili. Nilimbeba mgongoni. Nilifua nguo za watu mpaka akamaliza shule. Sikuwahi kufagiliwa uwanja na mtu yeyote tangu nizaliwe. Asubuhi zile nilikaa ndani nikisikiliza ufagio, nikanywa chai ingali ya moto.

Bendi yenyewe aliirithi kwa baba. Baba yetu, mzee Ngusa, alikuwa mpiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma. Zamani fundi mmoja wa kinu alimpa santuri za tango, muziki wa dansi wa Ajentina. Baba alizisikiliza mpaka zikakwaruzika, akazijua zote kwa sikio. Wapigaji wale, waliokufa nchi ya mbali, aliwataja kama watu waliochunga naye ng'ombe. "Tango si kurukaruka," alikuwa akituambia. "Tango ni kutembea. Mmoja anakwenda mbele, mwingine anarudi nyuma na kumwamini."

Baba alipokufa, kodiani ilikaa darini miaka kumi na moja. Mwaka huu Salvatory akaishusha. Mara watu wakaanza kujaa, harusi kwa harusi, hata kutoka Nyashimo wakamwita. Vijana wasiojua tango ni mnyama gani walisimama wakilisikiliza kama waliofungwa kamba.

Nilifika ghalani. Mlango ulikuwa wazi nusu.

Harufu ilinipokea kwanza. Mbegu za pamba zilizooza. Juu yake kulikuwa na harufu nyingine... mafuta ya nywele, yale ya zamani ya kopo. Ya baba.

Ndani walikuwa wawili tu. Salvatory alikaa kwenye kreti, kodiani mapajani, amefumba macho. Pembeni yake alisimama mzee Zengo na fidla yake, mtu wa mwisho wa bendi ya baba. Wengine walikuwa hawajafika. Walikuwa wanapiga tango, polepole.

Katikati hapakuwa na mtu.

Lakini nilisikia mtu akicheza.

Ko... Ko... Kisigino chenye chuma. Na baada ya kila ko, mchakacho mdogo, laini, kama mguu mtupu unaoburutwa.

Sakafu ya ghala lile ina vumbi la pamba, jeupe kama unga. Nilitazama chini. Alama ya kiatu ikajichora kwenye vumbi, ncha yake ikinielekea. Mbele yake, unyayo mdogo ukajichora, kisigino upande wangu. Kiatu kikasogea. Unyayo ukarudi nyuma. Kiatu. Unyayo. Vinanijia mimi mlangoni.

Unyayo wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho.

Milembe alikatwa kidole hicho na jembe, mwaka juzi, shambani.

"Mayu, mama," mzee Zengo alininong'oneza huku akiendelea kuburuta upinde kwenye nyuzi. "Mayu, usiingie katikati."

"Ni nani yule?"

"Tazama kisigino cha kulia."

Kisigino cha kulia kilikuwa na alama ya chuma, umbo la mwezi mchanga. Cha kushoto hakikuwa nayo. Viatu vile nilivipiga rangi utoto wangu wote. Baba alipokufa tulivitafuta tumzike navyo, hatukuviona.

Wimbo ukaisha. Alama zikasimama hatua mbili kutoka kwenye vidole vyangu. Salvatory akafumbua macho, akaniona.

"Dada. Umewahi."

"Ulikuwa unafagia nini kwangu?"

Mzee Zengo akajibu, sauti chini, anaitazama fidla yake.

"Udongo wa nyayo, mayu. Unajua ngoma zetu. Vikundi viwili, uwanja mmoja, mwenye kuvuta watu ndiye mshindi. Sisi na tango letu tulikuwa tunachekwa. Mwaka mmoja baba yenu akaenda Shishiyu kutafuta dawa ya mvuto. Akaambiwa alete nyayo za mtu wa nyumbani, azitie ndani ya kodiani. Tukapata watu mpaka miti ikavunjika kwa waliopanda juu."

"Nyayo za nani?"

"Mama yenu alikuwa anapenda kufuata wimbo."

Nilimkumbuka mama na miguu iliyovimba kama magogo. Nilikuwa namkanda kwa maji ya chumvi. Baba alikaa nje, anafanya mazoezi.

"Baba yenu alisema ni mpaka mavuno tu," mzee Zengo akaongeza.

"Na mimi ni mpaka Jumamosi tu," Salvatory akadakia. "Naapa, dada. Jumamosi tunagawana uwanja na kikundi cha nyoka, wale wanaocheza nao shingoni. Nikiwashinda hao, namwachia. Mtoto hajui hata kinachoendelea."

"Anajua. Ameniambia amechoka kurudi nyuma."

Akainamisha kichwa.

"Kwa nini hukuchukua zako?"

"Zangu? Halafu nani apige?"

"Na zangu? Mimi nipo pale pale uwanjani, napita kila siku."

Akanitazama miguu. Kisha akasema kwa upole, kama anayenionea huruma:

"Zako zimechoka, dada."

Nilimbeba mgongoni miaka miwili. Nililala njaa ili ale. Nilisimama pale na mashati yake mikononi, na niliona kwamba alikuwa amepima. Alitupima mimi na mwanangu kama mtu anayechagua ndama sokoni.

Niliinyooshea kodiani mkono. Mzee Zengo akanizuia.

"Ukitoa bila kuweka, mguu unabaki huku. Hautarudi kwa mwenyewe."

"Mpaka niweke nyayo nyingine?"

Alinitazama sana. Aliinamisha kichwa tu, mara moja, kukubali.

Nikamwekea Salvatory mashati kwenye kreti.

"Haya hapa. Lako lilikuwa na doa kwenye kola. Nimelitoa."

Nikarudi nyumbani. Milembe alikuwa amelala mkekani kwa Evalina, mdomo una ugali haujamezwa.

Kesho yake alfajiri nilikwenda kwa Salvatory na ufagio wangu. Mke wake, Mariana, akafungua mlango, ananichekea kwa furaha.

"Mwangaluka, wifi! Umeota nini leo?"

"Mwangaluka. Amenifagilia mwezi mzima. Na mimi nimfagilie."

"Ndugu wa namna hii hawapo tena," alisema.

Salvatory alikuwa ametoka peku kwenda bafuni. Nyayo zake zilikuwa mbichi, pana, zimezama vizuri kwenye udongo. Nilifagia pembeni kwanza. Kisha nikazichota, ya kulia na ya kushoto, nikazifunga kwenye kitambaa.

Kodiani ilikuwa sebuleni. Maji ya bafuni yalikuwa yanamwagika, Mariana anawasha moto jikoni. Nilifungua kifuniko cha nyuma, kule wanakokuita mapafu. Ndani kulikuwa na kifurushi kipya. Chini yake kulikuwa na kingine, cha zamani, kimekauka kigumu kama jiwe. Nilijua cha nani. Sikukigusa. Nikachukua cha juu, nikaweka changu.

Kodiani ikavuta pumzi. Peke yake. Ndefu...

Nikafunga.

Jioni hiyo jua lilizama na Milembe akala ugali wote, akaomba ukoko.

Jumamosi walishinda. Mimi sikwenda, Evalina alikwenda. Alisema kikundi cha nyoka kilibaki na nyoka wao na mbuzi wawili, watu wote walihamia kwenye tango. "Mdogo wako ana mbwembwe!" alisema. "Kapiga huku anarudi kinyumenyume uwanja mzima, macho kafumba, na hakumkanyaga mtu!"

Jumapili saa kumi na moja jioni nilitoka ndani nikamkuta Salvatory amekaa uwanjani kwenye kigoda. Alikuwa amenyoosha miguu. Nyayo zilikuwa zimepasuka. Katikati ya vidole, nyuzi za pamba.

"Dada, sijui nimekuwaje."

"Umechoka."

Nikampashia maji ya chumvi. Nikamkanda. Kazi hiyo naijua.

"Asante, dada," alisema. "Wewe ndiye mama yangu."

Alipoondoka nilichukua ufagio nifagie uwanja kabla ya giza.

Nyayo za Salvatory zilikuwa zimeingia kwangu kinyumenyume, kisigino kwanza, kutoka njiani mpaka kwenye kigoda. Mbele ya kila moja, uso kwa uso, kulikuwa na alama ya kiatu. Kisigino cha kulia, mwezi mchanga.

Nikatafuta za kutoka. Za Salvatory zilikuwepo, zinachechemea mpaka njiani.

Za kiatu hazikutoka.

Zilizunguka kigoda. Zikapita karibu na jiko. Zikaenda moja kwa moja mpaka kwenye kizingiti cha nyumba yangu, zikaishia hapo.

Nilifagia. Nilifagia mpaka udongo ukabaki kama meza. Jua lilikuwa linazama. Ndani, Milembe alikuwa anakula karanga na kuongea na paka. Nikasimama nje na ufagio mkononi, nikasikiliza anavyotafuna.

Wiki ya tano sasa. Salvatory hainuki tena kitandani bila kushikwa mkono. Watu wananisifu jinsi ninavyomhudumia.

Na kila jua likizama naacha kazi yoyote niliyonayo, nasimama mlangoni, nasikiliza kama mwanangu bado anatafuna.