Maji Yaliyotoka Nyuma

Mwaka 1953, kwenye tope la mlango wa Rufiji, wanaume wawili wa Mahongole, Makambako, walikuwa wakichungulia mto upande wa juu. Kwao Ubena maji hutoka mlimani. Mlima ukitulia, mtu hulima kinyungu chake, bustani ya bondeni, bila wasiwasi. Kwa hiyo mtumbwi waliufunga kwenye kijiti upande wa baharini, kama mtu afungavyo ndama.

Maji yalitoka baharini. Yalipowagusa visigino, mtumbwi ulikwisha kung'oa kijiti na kwenda zake.

"Mikokoni," alisema Lameki. Hadi huko palikuwa na hatua mia mbili.

Lameki, peku na mwepesi, alitangulia. Nyuma yake Filemoni alizama hadi mapajani, amekumbatia mabomba ya shaba. Kazi yao ilikuwa kuyadidimiza topeni, ili mzungu aliyewaajiri ajue tope linayapa maji chakula gani, na maji yanalirudishia nini. Hayo Lameki aliyajua tangu utoto: nyasi ulizofukia kinyunguni huoza, tope hunuka, kisha maji yake hunenepesha mahindi. Yeye ndiye aliyelieleza jambo hilo kwanza. Lakini Filemoni, mwenye Kiingereza chake, alilitafsiri kwa ufasaha mpaka likawa kama lake. Tangu siku hiyo mzungu akamwita "msaidizi wangu", akampa daftari na viatu. Lameki akabaki kibarua.

Viatu hivyo ndivyo vilivyomkwamisha Filemoni.

Lameki aligeuka, akamwona, akasimama. Wivu wa miezi mitatu ulimpanda na, ukweli usemwe, kwa kitambo alifurahi. Msaidizi angebaki yeye. Maji yalimfika Filemoni kiunoni. Alimtazama mwenzake tu.

Ndipo Lameki akalala kifudifudi, akarudi akitambaa. Jembe likinaswa kinyunguni hulivuti, unalinywesha maji.

"Nipe bomba."

"Lina tope la leo."

"Limwage."

Hata hapo msomi alisita, kisha akamwaga. Lameki alilididimiza bomba kando ya mguu, akalitikisa. Maji yakashuka ndani, tope likalegea na kutoa mapovu yenye harufu ya mayai viza. Mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Wa pili waliupata maji yakiwa kidevuni, Lameki akizamisha kichwa na kupapasa.

Walining'inia kwenye mikoko hadi maji yalipopwa, chaza wamewachana nyayo, midomo imepasuka kwa kiu. Wakata boriti waliwaokota jioni.

Walipofika nyumbani, Jumapili baada ya ibada, Filemoni alisimulia. Alisimulia vizuri mno, wanawake wakafuta machozi, na wote wakampa pole yeye. Wivu ukamwamkia tena Lameki kama jirani asiyefukuzika.

Esteria, mke wa Lameki, akauliza, "Na huyu wangu, alipokuona umekwama?"

Filemoni alimtazama Lameki vilevile kama siku ile majini.

"Alirudi papo hapo," akasema. "Hakusimama hata kidogo."

Wawili tu pale walijua kuwa huo ni uongo. Lameki alishusha macho, akaona miguu ya mwenzake, peku kama yake, yenye makovu yaleyale. Akajaza kikombe cha togwa, akampa kwa mikono miwili.