Vyeti Kumi na Kimoja Mikononi mwa Katekista

Mwezi wa saba, katika vilima vya Namswea, hakuna anayekaa bure. Kahawa imeiva. Asubuhi watu wanachuma, mchana wanamenya kwa mashine ya mkono, jioni wanaosha. Mzee Protasi na mkewe Serafina walikuwa na miche mia nne. Mtoto wao Tobias ndiye aliyezungusha mashine, kwa sababu alikuwa na nguvu, na kwa sababu hakuwa na kazi nyingine.

Tobias alikuwa fundi umeme. Alisoma chuo cha ufundi Songea, akafaulu, akapewa cheti. Miaka mitatu ilipita. Alitengeneza redio za majirani na kuwafungia taa za sola. Wengi walimlipa asante, na asante hailiwi. Kisha habari zikapanda kutoka ziwani kwamba Mbamba Bay inajengwa bandari mpya na mafundi wanatakiwa. Tangu siku hiyo Tobias hakuwa na mazungumzo mengine.

Protasi alikuwa katekista. Padre alifika kigangoni, kanisa letu dogo la kijiji, mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote Protasi aliongoza ibada, na mwisho wa ibada alisoma matangazo. Mbuzi wa nani amepotea, nani amefiwa, mbolea inafika lini. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kutangaza uongo. Kwa hiyo huku kwetu neno likisomwa na katekista, watu hawaulizi limetoka wapi. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wetu, na hatukujua kama tunaumwa.

Jumapili moja alikuja mgeni kanisani. Alisema anaitwa William. Alivaa shati jeupe na kitambulisho shingoni. Alipiga magoti panapotakiwa na kuimba besi bila kutazama kitabu. Baada ya ibada Protasi alimkaribisha nyumbani, kama ilivyo desturi, na mgeni akala ugali na maharage akamsifu mpishi.

Alipokwisha kunawa, alieleza kazi yake. Yeye ni wakala wa ajira. Kampuni inayojenga bandari, alisema, haimchukui mtu anayekuja mwenyewe. Inapokea majina kutoka kwa mawakala tu. Alihitaji vijana kama kumi, pamoja na vyeti vyao halisi, ili kampuni ivihakiki.

Serafina alimwuliza kuhusu malipo. Mgeni alicheka, akasema hachukui hata senti kwa mtoto wa mkulima.

Hapo Protasi akatulia. Matapeli wanaoomba fedha aliwajua. Huyu hakuomba. Lakini tapeli aliyekomaa haanzi na mfuko wako, anaanza na kitu ambacho huwezi kuishi bila kukipata tena.

Jumapili iliyofuata Protasi alilisoma tangazo la mgeni huyo. Kufikia Jumatano vijana kumi na mmoja wa kigango walikuwa wameleta vyeti. Katekista aliandika majina kwenye daftari, akavitia vyeti kwenye bahasha kubwa, cha Tobias kikiwa cha kwanza. Jirani yake Restituta, ambaye ni mjane, alikuja na cheti cha kidato cha nne cha binti yake Ida. Alikishika asikiachie. Aliuliza kwa nini nakala haitoshi, na huyo bwana anakaa wapi.

"Mama Ida," Protasi alimwambia, "humwamini katekista wako?"

Watu walikuwa wanatazama. Restituta aliona haya. Akakitia cheti ndani ya bahasha kwa mkono wake mwenyewe.

William alirudi siku hiyohiyo akaondoka na bahasha. Wiki mbili za kwanza alipokea simu na kusema mambo yanakwenda vizuri. Wiki ya tatu simu yake haikupatikana. Wiki ya tano alipiga kwa namba ngeni. Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa tena sauti ya mtu wa kwaya. Alisema mafaili yao yamekwama na kila anayetaka cheti chake arudishiwe atume fedha. Familia tatu zilituma. Hazikupata cheti wala jibu.

Katikati ya mambo hayo, rafiki wa Tobias alipita ofisi ya kata akaona tangazo ukutani. Kampuni ya bandari inaajiri mafundi umeme sita. Usaili ni Alhamisi, Mbamba Bay. Kila mtu aje mwenyewe na cheti halisi. Tangazo halikutaja wakala yeyote.

Tobias aliteremka ziwani na nakala aliyokuwa nayo. Walimpa waya na swichi, akafunga vizuri kuliko wengi. Afisa aliyesimamia alimpenda. Kisha akaomba cheti.

"Mdogo wangu," afisa alisema, "nakala hata mimi naweza kutengeneza. Chenyewe kiko wapi?"

Tobias alieleza. Afisa alisikitika. Hawakuwa na wakala, alisema, na jina la William hakuwahi kulisikia. Alimpa hadi saa kumi jioni akilete. Saa kumi ilifika. Nafasi ya sita alipewa mwingine.

Aliporudi nyumbani alisema maneno machache tu: "Baba, kule hawamjui." Akaingia ndani.

Nisikufiche, msomaji, siku zile zilikuwa mbaya. Tobias aliacha kula. Mashine ya kumenya alikuwa haigusi. Kahawa iliyochumwa ilikaa kwenye vikapu hadi ikaanza kunuka, na hakuna aliyejali. Serafina alimfuata mwanawe kila alikokwenda, hata mtoni, akijifanya ana shughuli huko. Aliogopa kumwacha peke yake. Protasi naye alikuwa anashika rozari lakini midomo haisogei. Nyumba ile ilikuwa na watu watatu, na wote watatu walikuwa wamekata tamaa.

Aliyewakuta hivyo ni Herieth, afisa maendeleo ya jamii wa kata, mzaliwa wa Liuli kule ziwani. Alikuja kwa ajili ya kikundi cha akina mama. Serafina alimsalimu kwa shida, kisha akashindwa kujizuia akamweleza yote. Herieth aliomba kuonana na baba na mtoto. Wakaketi karibu na kichanja cha kuanikia kahawa.

"Shikamoo baba," Herieth alisema. "Huyo bwana alikuonyesha leseni?"

"Marahaba. Alikuwa na kitambulisho shingoni."

"Kitambulisho mtu anachapisha dukani, baba. Wakala wa ajira anatakiwa kuwa na leseni ya Kamishna wa Kazi. Ina jina la wakala na tarehe ya kwisha. Unaiomba uione, halafu unapiga simu ofisi ya kazi uulize kama ni ya kweli. Namba ya simu usichukue kwake. Chukua kwetu, ofisi ya kata."

Protasi alisema angalau mtu yule hakuwatoza kitu mwanzoni.

"Wakala haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi, mwanzoni wala mwishoni," Herieth alijibu. "Anayemlipa ni mwajiri. Na cheti halisi kinaonyeshwa, hakiachwi. Ukikiacha, amekushika koo. Siku akitaka fedha utazitafuta tu."

Alimweleza Tobias kwamba serikali nayo ina huduma ya ajira, na kujiandikisha ni bure. Akasema pia kuwa kampuni ikitajwa, aulizwe mwenye kampuni. Kisha akasita kidogo, akasema lililouma. Tangazo la bandari lilikaa ukutani pa ofisi ya kata siku kumi na mbili. Kutoka kanisani hadi pale mwendo haufiki nusu saa.

Tobias aliongea kwa mara ya kwanza siku ile. Aliuliza kama cheti kinaweza kupatikana tena.

"Kuna njia, lakini ni ndefu," Herieth alisema. "Mnaanza polisi, mnaeleza ukweli. Mnapewa taarifa ya polisi ya upotevu. Mnatangaza gazetini. Halafu mnaomba kule kilikotolewa, Baraza la Mitihani au chuo. Ila polisi watauliza kwanza, nani alivikusanya vyeti akamkabidhi yule mtu?"

Tobias alitazama chini. Serafina alianza kuchagua kahawa mbovu kwenye kichanja.

Siku tatu Protasi hakwenda popote. Alijua kwamba akienda polisi, jina la kwanza kwenye karatasi litakuwa lake. Asipokwenda, mwanawe hatapata cheti maisha yake yote. Alikuwa anawaza labda wazazi wengine wataanza. Alikuwa anawaza labda William ataona huruma. Mtu mzima, katekista, akijidanganya kama mtoto.

Siku ya nne Restituta alibisha hodi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, Mama Ida. Karibu."

Hakutaka kuketi. Alisema Ida ameitwa chuo cha uuguzi na chuo kinataka cheti. Hakuja kulaumu, alisema. Alikuja na ombi la sala.

"Jumapili utuombee tumpate Bwana William. Tangu zile simu hapatikani, labda amepata ajali huko barabarani. Wewe usingetupeleka kwa mtu mbaya."

Protasi angetukanwa, angevumilia. Hili lilimshinda.

"Mama Ida, hakupata ajali," alisema. "Ni mwizi. Nilimpa cheti cha mwanao na sikujua hata anakaa wapi. Sikumwuliza."

"Mimi niliuliza," Restituta alisema. Akageuka akaenda zake.

Kesho yake Protasi alikwenda Mbinga na daftari lake. Alikaa kwenye benchi la kituo cha polisi tangu asubuhi. Askari alimhoji kwa ukali, naye alijibu kila swali bila kujitetea. Aliandikisha majina yote kumi na moja. Jumapili alisimama akawaambia waumini yaleyale aliyowaambia polisi. Baadhi walitoka nje akiwa bado anaongea. Mzazi mmoja alimwita mshirika wa tapeli, mbele ya watoto. Paroko alimwondoa kwenye matangazo hadi Noeli, na Protasi alisema ni haki.

William hajapatikana hadi leo. Vyeti vyenyewe havikurudi. Wiki baada ya wiki Herieth aliwasaidia vijana kujaza fomu, na Tobias ndiye aliyezipeleka Mbinga, maana kazi hiyo ilimpa sababu ya kuamka. Majibu yalianza kufika baada ya miezi sita. Cha Tobias kilifika, na cha Ida pia. Lakini chuo cha uuguzi kilikuwa kimekwisha kufunga nafasi. Ida alishika jembe akaenda na mama yake shambani kutengeneza ngolo, yale mashimo ya kuzuia maji mteremkoni, kwa ajili ya maharage. Maji yakimwagika hayazoleki, na mwaka wa kijana ni hivyohivyo.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata alikuja wakala mwingine, mama aitwaye Ottilia. Alitafuta watu wa kiwanda cha kahawa, fundi umeme na karani wa mizani wakiwamo. Safari hii hakupitia kanisani. Ofisi ya kata iliitisha mkutano shuleni, na Protasi, aliyekuwa amerudishiwa matangazo, aliombwa kuusimamia. Kabla mgeni hajafungua mdomo, alimwomba leseni. Akachukua namba ya ofisi ya kazi kwa Herieth, akapiga simu mbele ya wote, akasoma jina na namba ya leseni. Akapiga pia kiwandani. Ottilia aliketi akasubiri, na hakukasirika. Wakala wa kweli haumizwi na maswali.

"Leseni ni ya kweli," Protasi alisema. "Kiwanda kinamjua. Halipwi na ninyi, na hataondoka na cheti cha mtu."

Vijana wakaanza kujipanga.

"Naomba niisome," Restituta alisema kutoka nyuma.

Mtu mmoja alinong'ona kwamba katekista amekwisha kuisoma.

"Amesoma yeye. Mimi sijasoma."

Restituta alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima, na bado anasoma polepole. Protasi alimpelekea karatasi ile kwa mikono miwili. Akaisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, tangu jina hadi tarehe ya kwisha. Ilichukua muda. Protasi alisimama pembeni yake akingoja, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipomaliza alimwuliza Ottilia kama nakala inatosha. Ottilia alisema inatosha. Ndipo akamgeukia Ida, akamruhusu atoe nakala.

Tobias sasa ni fundi umeme kiwandani, na Ida anapima kahawa kwenye mizani. Kabla ya kutia sahihi, wote wawili waliusoma mkataba hadi mwisho. Siku ya usaili walionyesha vyeti halisi, wakanyoosha mkono wakarudishiwa palepale. Uuguzi Ida hajauacha moyoni. Anasema ataomba tena mwakani.

Restituta hajamwambia Protasi kwamba amemsamehe. Lakini kila Jumapili matangazo yakisomwa, anasimama mbele ya watu wote na kuuliza: nani amesema, ametoka wapi, tumpate wapi. Naye katekista hujibu moja baada ya jingine, na asilolijua husema hajui.