Vipande Kumi vya Kwinini

Kila asubuhi king'ora cha kiwanda kilipolia, Akeyo alibeba kikapu chake mgongoni akaenda kuchuma majani chai. Mumewe alikuwa ameshaingia kiwandani. Binti yao Ayoo, wa miaka kumi na miwili, alibaki na kazi tatu kabla ya kwenda shule: kumnawisha mdogo wake Obiero, kumpa uji, na kumpa nusu ya kidonge cha kwinini. Ilikuwa masika ya mwaka 1956, na malaria ilikuwa imeingia katika mashamba ya chai ya Kericho. Bwana Kipkoech, dresa, yaani mhudumu aliyetibu wagonjwa katika zahanati ya shamba, alikuwa amegawa vidonge kwa kila nyumba yenye watoto.

Kazi ya tatu ilikuwa vita. Obiero alikuwa na miaka mitano tu, lakini kwa ubishi aliwashinda watu wazima. Alifumba mdomo, alipiga mateke, alitema, akalia mpaka majirani wakauliza kuna nini. Ayoo akachoka. Siku moja alikificha kile kipande katika ufa wa ukuta, na mama alipouliza jioni kama mtoto amekunywa dawa, akajibu kwamba amekunywa. Uongo wa kwanza ulimtetemesha. Wa kumi aliusema huku akichambua mboga.

Siku ya kumi na moja Obiero aliamka na homa kali. Mama alikuwa ameshaondoka. Ayoo aliogopa, kisha akapata wazo aliloliona la busara kabisa. Mama yake akipungukiwa ratili za majani Jumanne, huchuma zaidi Jumatano ili kufidia, na karani wa mizani hasemi neno. Basi dawa nayo ingefidiwa vivyo hivyo. Alivitoa vipande vyote kumi, akavisaga, akavikoroga na sukari, akamshikilia mtoto mpaka akamaliza.

Kabla ya adhuhuri Obiero alitapika, akashika masikio akisema kuna nyuki ndani. Baadaye akawa hajibu akiitwa. Ayoo alimpigia kelele karibu na sikio, na mtoto akabaki kumtazama mdomo tu. Ayoo alishtuka, akatimua mbio hadi shambani kumwita mama yake, nao wakarudi kumbeba mtoto hadi zahanati.

Dresa Kipkoech alimpima, akauliza kama alikuwa akipewa dawa. Akeyo alijibu kwamba hakukosa hata siku moja, binti yake ndiye aliyempa. Dresa akasema basi malaria imepanda kichwani, inatakiwa sindano ya kwinini upesi. Akaanza kuvuta dawa kwa sindano.

Ayoo alikuwa amesimama ukutani. Akisema, mama atajua uongo wa siku kumi. Lakini aliiona sindano ikikaribia paja la mdogo wake, akaruka akamshika dresa mkono.

"Usimdunge," alisema. "Leo nimempa vipande kumi. Vyote vya nyuma nilikuwa nikificha."

Mama alimtazama kama mtoto wa watu. Dresa aliiweka sindano mezani.

"Ningemuua," alisema polepole. "Kwinini iliyozidi ndiyo iliyomziba masikio, nami nilitaka kumwongezea. Mimi mwenyewe, kwa dawa yangu."

Hapakuwa na wakati wa kugomba. Lori la majani likawapeleka hospitali mjini. Kwa siku mbili Obiero hakusikia lolote. Mama hakumchapa Ayoo wala hakumsemesha, heri angemchapa. Asubuhi ya siku ya tatu Ayoo aliita jina la mdogo wake kutoka mlangoni, bila matumaini. Mtoto akageuka, akaomba uji. Ayoo akaketi sakafuni akalia.

Kipkoech alipokuja kuwaona, Akeyo alikuwa bado hajatulia moyo.

"Daktari, kumbe mnatupa sumu tuwape watoto?"

"Ndiyo, Mama Ayoo," alijibu bila kuficha. "Sisi Wakipsigis tuna mti tunaouchemsha, kisha tunapaka sumu yake kwenye mishale. Mnyama akichomwa hafiki mbali. Lakini madaktari wametoa katika mti wa aina hiyo dawa ya moyo uliochoka. Kinachoitenganisha dawa na sumu ni kipimo."

Kisha akamgeukia Ayoo. "Majani chai utafidia kesho. Dawa haifidiwi. Ukikosa kuitoa, njoo useme umekosa. Uongo wako ulimnyima kinga, na kufidia kwako kulitaka kumuua. Kilichomwokoa ni kwamba ulisema kweli, ingawa ulichelewa."

Akeyo alimtazama binti yake, akamsemesha kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi tukirudi nyumbani, dawa nitampa mimi. Wewe utanisaidia kumshika."